Msizike Kizazi Pamoja na Mzoga: Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Mbwa Mwitu

Kwa: Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI); Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA); Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS); na Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha.

Waheshimiwa wakurugenzi, madaktari wa wanyamapori na askari wa hifadhi,

Mwishoni mwa mwaka 2000 ugonjwa wa distempa uliingia kwenye mabanda ya mbwa mwitu huko Mkomazi, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wanyama 52 walikuwa wakitunzwa pale ili vizazi vyao virudishwe porini. Walikuwa wamechanjwa, lakini chanjo haikuwaokoa. Ugonjwa ulipokwisha kupita, mwanzoni mwa 2001, 49 kati yao walikuwa wamekufa.

Wataalamu walichukua sampuli, wakakitambua kirusi na kuandika ripoti ambayo bado inasomwa na wanaowatunza wanyama wa jamii hii. Hakuna anayestahili kulaumiwa kwa yaliyofuata, kwa sababu wakati huo karibu hakuna aliyekuwa akiyafikiria. Lakini ndani ya korodani za kila dume aliyekufa, awe mzee wa kundi au mtoto asiyejua kuwinda, mlikuwa na seli ambazo zilibaki hai kwa saa kadhaa baada ya moyo wake kusimama. Ni seli shina za uzazi, zile ambazo mbegu zote za dume hutokana nazo. Zilioza pamoja na mizoga.

Ombi la barua hii ni moja. Kila mbwa mwitu dume anayekufa mikononi mwenu, awe amegongwa na gari, amenaswa na waya, ameugua au amekufa kwa uzee, korodani zake zitolewe, zipozwe, zifikishwe maabara ndani ya siku moja, na vipande vyake vigandishwe kwenye naitrojeni ya maji. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini jambo hilo lina maana, na kwa nini linawezekana kwa vifaa ambavyo vingi vyake tayari vipo Arusha na Nairobi.

Dume anapokuwa mgumba

Korodani ya mbwa ni fungu la mirija myembamba iliyojikunja. Ukutani mwa mirija hiyo, upande wa nje kabisa, ndipo zinapokaa seli shina. Ni chache mno: katika panya, ambaye amechunguzwa kuliko mnyama mwingine yeyote kwenye jambo hili, inakadiriwa ni moja tu katika kila seli 3,000 au 4,000 za korodani. Kazi yake inafanana na ya mgomba. Mgomba hutoa chipukizi, chipukizi likazaa mkungu na kukatwa, lakini shina la chini ya ardhi linabaki kutoa machipukizi mengine. Seli shina ya uzazi nayo hugawanyika. Baadhi ya seli zinazopatikana zinabaki kuwa shina, nyingine zinaanza safari ya kuwa mbegu za kiume. Kwa mbwa wa kufugwa safari hiyo huchukua siku 62 hivi, kisha mbegu hukaa kama wiki mbili zaidi zikikomaa kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani.

Ndiyo sababu daktari mzuri hamtangazi dume kuwa mgumba kwa kipimo kimoja. Homa kali ya leo inaweza kuonekana kwenye manii ya wiki kadhaa zijazo, na dume aliyeonekana hana kitu mwezi wa tatu akawa baba mwezi wa saba.

Ugumba wa madume una visababishi vingi. Upo unaotokana na njia kuziba, ambapo kiwanda kinafanya kazi lakini bidhaa haitoki. Upo unaoletwa na bakteria, hasa Brucella canis, aliyetambuliwa mwaka 1966 na Leland Carmichael wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani; huyu hushambulia korodani na mirija yake, huwaharibia majike mimba, na anaweza kumwambukiza binadamu. Ipo korodani iliyokataa kushuka ikabaki tumboni, mahali penye joto kubwa mno kwa kutengeneza mbegu. Upo ugumba wa mionzi na wa dawa za saratani. Na yapo mazingira yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya miaka 26 ya kuwapima madume wenye afya njema katika mpango wa kuzalisha mbwa wa kusaidia watu wenye ulemavu. Kati ya 1988 na 2014 uwezo wa mbegu zao kuogelea vizuri ulishuka kwa kiasi kikubwa. Kwenye manii na korodani za mbwa, na hata kwenye baadhi ya vyakula vyao vya dukani, walikuta kemikali za viwandani ambazo maabara ilionyesha kwamba zinaidhuru mbegu.

Katika visa hivi vyote, swali linaloamua hatima ya dume ni moja: seli shina zake zipo au hazipo? Zikiwa hai, korodani inaweza kuinuka tena kisababishi kikiondolewa. Zikiwa zimekufa, hakuna homoni, vitamini wala sindano ya dukani itakayozirudisha. Kwa miaka mingi hapo ndipo palikuwa mwisho wa habari.

Kutoka Pennsylvania hadi Cornell

Habari ilianza upya mwaka 1994. Ralph Brinster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua seli kutoka korodani za panya mwenye afya na kuzipenyeza kwenye mirija ya panya waliokuwa wagumba. Seli shina zilitafuta njia zenyewe hadi ukutani, zikakaa, zikaanza kazi. Panya aliyekuwa mgumba akatoa mbegu, na mbegu hizo zikazaa watoto ambao kwa vinasaba walikuwa wa panya aliyetoa seli.

Miaka miwili baadaye maabara hiyohiyo ilionyesha mambo mengine mawili yenye uzito kwenu. La kwanza, seli hizo zinaweza kugandishwa, zikayeyushwa na bado zikafanya kazi. La pili, seli za panya mkubwa wa maabara zinaweza kutengeneza mbegu za aina yao ndani ya korodani ya panya mdogo, mnyama wa spishi nyingine kabisa.

Mbwa walifuata, lakini taratibu. Mwaka 1999 Ina Dobrinski akiwa na Brinster waliziingiza seli za mbwa kwenye korodani za panya. Zilikaa ukutani, zikaishi, lakini hazikuzaa mbegu, kwa kuwa panya na mbwa ni ndugu wa mbali mno. Jaribio hilo liliacha fundisho: anayepokea seli lazima awe wa ukoo wa karibu na anayezitoa.

Mwaka 2008 kundi la Alexander Travis wa Cornell lilichapisha kazi iliyowafanya mbwa waingie rasmi kwenye orodha ya wanyama ambao uhamisho wa seli hizo umefaulu kwao. Madume watano wa umri wa miezi 5 walipigwa mionzi kwenye korodani tu, kiasi cha kuondoa zaidi ya asilimia 95 ya uzalishaji wao wa mbegu bila kuvunja jengo la korodani lenyewe. Wawili walipewa seli mbichi kutoka kwa mbwa wengine. Watatu walipewa seli zilizokuzwa maabara kwa wiki 2. Baada ya miezi 12 mbegu zao zilipimwa vinasaba. Katika mmoja wa wale waliopewa seli mbichi, asilimia 19.5 ya mbegu zilikuwa za mbwa aliyezitoa. Katika wengine wanne haikuonekana hata moja.

Mmoja kati ya watano ni hatua ndogo, na inapaswa kusemwa hivyo. Kazi ile iliishia kwenye vinasaba vya mbegu, haikufika kwenye watoto. Lakini ilithibitisha kwamba korodani ya mbwa iliyonyamazishwa inaweza kupokea seli shina za mbwa mwingine na kutengeneza mbegu ambazo si zake.

Kisha ikaja habari kutoka Brazili. Mwaka 2012 watafiti wa huko waliripoti kwamba walihamisha seli shina za oseloti, paka wa porini wa Amerika, kwenye korodani za paka wa kawaida wa nyumbani. Paka hao walitoa mbegu za oseloti. Kwa mara ya kwanza mnyama wa kufugwa, anayepatikana kila mtaa, alikuwa ameibeba mbegu ya jamaa yake wa porini.

Mbwa mwitu na mbwa wa kufugwa hawazaliani; kila mmoja ana jenasi yake. Hata hivyo ni wa familia moja, na wote wana kromosomu 78. Jaribio la oseloti linaonyesha njia ambayo mbwa mwitu anaweza kupitishwa. Kinachohitajika kwanza ni seli zake, na seli hizo zimo ndani ya wanyama mnaowalinda ninyi.

Kwa nini mbwa mwitu, na kwa nini sasa

Tathmini ya mwaka 2012 ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, ilikadiria mbwa mwitu wazima wapatao 6,600 katika Afrika nzima, na kati yao wanaozaa ni kama 1,400 tu. Pengo hilo linatokana na maisha yao: kwa kawaida kundi huwa na jozi moja inayozaa, wengine wote huwinda, hulinda na kulisha watoto wasio wao. Dume anaweza kuishi maisha yake yote, akawa mwindaji hodari, na asiache hata mtoto mmoja. Vinasaba vyake vinamalizika naye.

Halafu yapo maradhi. Mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa Serengeti yalitoweka, baada ya kichaa cha mbwa kuthibitishwa miongoni mwao. Ikabidi kungoja hadi 2012 ndipo ninyi, TAWIRI na TANAPA, mlipoanza kuwahamisha mbwa mwitu kutoka Loliondo na kuwarudisha ndani ya hifadhi, kazi inayostahili shukrani ya kila Mtanzania. Laikipia, Kenya, walikorudi wenyewe na kuongezeka hadi wakawa fahari ya nyanda zile, distempa ya 2017 iliangusha kundi baada ya kundi.

Kinachotisha zaidi huja baada ya maradhi, wakati idadi imeanza kupanda tena na watu wamepumua. Mnakijua, kwa sababu mfano mmoja maarufu wa jambo hili duniani uko kwenu. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwashambulia simba wa Kreta ya Ngorongoro hadi wakabaki kama 10. Simba walizaana, kreta ikajaa tena, na mgeni anayetazama kutoka kwenye gari hakuona tatizo lolote. Lakini mwaka 1987 David Wildt, Stephen O'Brien, Craig Packer na wenzao walichapisha vipimo vya manii: simba dume wa kreta walikuwa na mbegu zenye kasoro nyingi kuliko ndugu zao wa Serengeti waliokuwa na damu mchanganyiko. Undugu wa karibu ulikuwa umeingia hadi kwenye korodani.

Huko Florida, Marekani, puma waliobaki wachache walianza kuzaliwa na korodani zisizoshuka. Mwaka 1995 ilibidi waletwe majike 8 kutoka Texas ili kuingiza damu mpya.

Mbwa mwitu wa leo wanaishi katika vipande vilivyotengana, na kila kipande kinaweza kupita kwenye tundu hilohilo la sindano. Hifadhi ya Nyerere na Ruaha bado zina makundi mazuri. Huu ndio wakati wa kuweka akiba ya vinasaba, kabla upungufu haujafika na kabla madume hawajaanza kuwa wagumba. Akiba inayowekwa baada ya hapo itakuwa ya kile kidogo kilichosalia.

Wapo watakaouliza: kwa nini isigandishwe manii tu, kama ya ng'ombe? Igandishwe pia. Watafiti, akiwemo Damien Paris, wa Chuo Kikuu cha James Cook nchini Australia, wameboresha njia ya kuigandisha manii ya mbwa mwitu, ambayo zamani ilikufa haraka baada ya kuyeyushwa. Lakini manii hutoka kwa dume mzima, mwenye afya, aliyelazwa kwa dawa na daktari aliye karibu. Mtoto wa miezi 3 hana manii. Dume aliyedhoofishwa na ugonjwa huenda asiwe nayo. Seli shina wanazo wote wawili, na tofauti na mbegu iliyokwisha kukomaa, seli shina inaweza kuendelea kuzalisha mbegu mpya kila siku ikipata korodani ya kukaa.

Kwa watoto wadogo upo ushahidi wenye nguvu. Mwaka 2019 kundi la Kyle Orwig wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh lilieleza jinsi lilivyogandisha vipande vya korodani za nyani aina ya makaki ambao hawajabalehe, likaviyeyusha na kuvipandikiza chini ya ngozi ya wanyama haohao. Vipande vilikomaa, vikatoa mbegu, na mbegu hizo zikaleta mtoto jike mwenye afya aliyepewa jina la Grady.

Kuhusu muda, Pennsylvania walirudi tena na jibu mwaka 2022. Seli za korodani za panya zilizokuwa zimekaa kwenye baridi kali kwa zaidi ya miaka 23 ziliyeyushwa na kupandikizwa. Zilikaa, zikaota, zikatoa mbegu, ingawa chache kuliko seli zilizogandishwa kwa muda mfupi. Akiba hii basi ina maisha marefu, lakini haidumu bila hasara, na hilo ni sababu ya kuweka nyingi, kutoka kwa madume wengi.

Tahadhari ya seli za mafuta

Hapa pana mkanganyiko unaopaswa kuondolewa mapema, kwa sababu wauzaji watakuja, na watakuja kwa wafugaji wa mbwa kwanza. Seli nyingi zinazouzwa duniani kwa jina la seli shina za mbwa hutolewa kwenye mafuta ya mwili, uboho wa mifupa au kitovu. Zinaweza kutuliza uvimbe na kusaidia tishu kupona. Dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2022 kwa ajili ya mbwa, DogStem, ni ya maumivu ya viungo. Kuhusu ugumba, seli ya mafuta haigeuki kuwa mbegu kwa kudungwa kwenye mshipa au kwenye korodani. Majaribio kwa panya walioharibiwa korodani kwa dawa yanaendelea kuchunguza kama seli hizo zinasaidia mazingira ya korodani kupona. Hilo ni swali la watafiti, si huduma ya kulipiwa.

Mfugaji mwenye dume asiyezalisha anahitaji kipimo cha Brucella canis, uchunguzi wa korodani kwa picha, manii kupimwa zaidi ya mara moja, na uangalizi wa dawa, joto na chakula. Na dume mwenye korodani isiyoshuka asitafutiwe njia ya kuzaa hata kidogo, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa.

Yanayowezekana kesho asubuhi

TAWIRI ina makao yake makuu Arusha. Usa River, mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kinachotunza mbegu za madume ya ng'ombe kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kenya ina Kituo cha Rasilimali za Vinasaba vya Wanyama, KAGRC, huko Kabete, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ina hifadhi kubwa ya sampuli za kibayolojia jijini Nairobi. Mitungi ile ambayo mhimilishaji hubeba kwenye pikipiki kuwafuata wafugaji wa ng'ombe ndiyo mitungi inayohitajika hapa.

Porini kazi si kubwa kuliko kuchukua sampuli ya damu. Korodani hutolewa nzima na mrija wake, husafishwa, hutiwa kwenye mfuko wenye maji safi ya chumvi ya hospitali, na kuwekwa kwenye sanduku lenye barafu bila kuigusa barafu moja kwa moja. Inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Isitiwe kwenye friza ya kawaida, kwa sababu barafu inayojiunda polepole bila dawa ya kinga huzipasua seli. Maabara itaikata vipande vidogo, ivitie kwenye dawa ya kinga, ivipoze kwa utaratibu na kuviweka kwenye naitrojeni.

Mpaka mmoja usivukwe. Mzoga unaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa uguswe tu na mtaalamu aliyechanjwa na mwenye vifaa, na usitumike kwa akiba. Vipande vya wanyama waliokufa kwa distempa vitunzwe kwenye mtungi wao wa pekee, kwa kuwa baridi ya naitrojeni haiui virusi.

Mahali pa kujifunzia pia papo. Katika kampeni za kuhasi mbwa, mijini na vijijini, korodani hutolewa na kutupwa. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, wanaweza kuzitumia kujifunza kupoza, kukata, kugandisha na kuyeyusha, hadi mikono yao izoee kabla ya kukabidhiwa tishu ya mbwa mwitu. Hakuna mbwa atakayepigwa mionzi wala kupasuliwa kwa ajili ya mafunzo hayo.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ni fedha. Anayesema kwamba shilingi ya mbwa mwitu iende kwanza kwenye chanjo za mbwa wa vijijini anasema kweli. Kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa ndiyo kinga inayofahamika ya kukata mnyororo wa kichaa cha mbwa, na kazi iliyofanyika kuizunguka Serengeti tangu miaka ya 1990 imeokoa watu na wanyama. Akiba ya seli isichukue hata senti ya chanjo, wala ya kuondoa mitego ya waya, wala ya kulinda mapito ya wanyama. Ndiyo maana barua hii haiombi maabara mpya. Inaomba sanduku la barafu, mtungi na agizo la maandishi.

Hoja ya pili ni umiliki. Watu wanaogopa kuona vinasaba vya wanyama wa Afrika vikiondoka kwa ndege na kurudi kama bidhaa. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, iliwekwa kwa ajili ya hofu hiyo, na jibu lake la vitendo ni kuiweka akiba hapa. Anayetaka kushirikiana aje Arusha au Nairobi, aandikishwe, na mafunzo yabaki.

Hoja ya tatu inasema haya ni mambo ya ndoto. Wanaoisema watazame hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu. Leo matumaini ya wanyama hao yako kwenye manii iliyogandishwa ya madume waliokwisha kufa, kwenye mayai yanayosafirishwa hadi Italia kurutubishwa, na kwenye maabara zinazojaribu kugeuza seli za ngozi kuwa seli za uzazi. Kila kilichowekwa mapema kimekuwa na thamani, na kila kisichowekwa kinatafutwa kwa gharama kubwa na kwa uchungu. Mbwa mwitu bado wapo kwa maelfu. Kwao kazi hii inaweza kufanywa kwa utulivu, kwa bei nafuu, na kwa mikono yenu wenyewe.

Kwa hiyo, waheshimiwa, barua hii inaomba mambo manne.

Kwanza, waraka mmoja kwa hifadhi zote zenye mbwa mwitu, na kwa bustani za wanyama zinazowafuga, ukiagiza kwamba kifo cha dume yeyote kiripotiwe siku hiyohiyo na korodani zake zipozwe, isipokuwa pale penye shaka ya kichaa cha mbwa.

Pili, makubaliano ya maandishi kati ya TAWIRI na NAIC kwa upande wa Tanzania, na kati ya Naivasha, KWS na KAGRC kwa upande wa Kenya, kuhusu nani anapokea tishu, nani anajaza naitrojeni na nani anatunza daftari. Kila sampuli iwe na nakala katika vituo viwili, maana mtungi mmoja ukikauka hasara haina fidia.

Tatu, kila kipande kiandikwe mahali mnyama alipofia, tarehe, umri wake, kundi lake na sababu ya kifo, pamoja na sampuli ya damu au ngozi kwa ajili ya vinasaba. Seli isiyojulikana ni ya nani itamsumbua mtafiti wa mwaka 2050 kuliko kumsaidia.

Nne, mafunzo ya siku chache kwa madaktari wa hifadhi, yakitumia korodani za mbwa wa kampeni za kuhasi, yaanze Morogoro na Kabete mwaka huu.

Waraka wa kwanza hauhitaji bajeti wala sheria mpya, na unaweza kutiwa saini wiki hii. Tafadhali jibuni kwa maandishi na hadharani: je, mtautoa, na lini?

Kwa heshima na matumaini,

Mwandishi wa makala za sayansi na wanyamapori